Siku ya Tumutuka na Neno Ulilolificha

Fiston mwanangu,

Sanduku yako nimeifunga miye mwenyewe, na kama kuko kitu tumesahau utakikosa ukifika ku masomo, sawa watu wote wanaosafiri. Sitaandika juu ya kuchemsha maji, wala juu ya kuamka mapema, wala juu ya wasichana wa Kisangani. Hayo uliyasikia tangu mudogo na masikio yako haina shida. Shida yako iko ku mudomo. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, miye ambaye barua ya mwisho nilimuandikia baba yako alipokuwa ku machimbo ya Kilo, na hakujibu.

Nikikuambia haya uso kwa uso nitapiga kelele, jirani watajua, na weye utainamisha kichwa na kungoja nimalize. Ninakujua. Isome asubuhi mbele ya kuvaa viatu, na usije kunitafuta mpaka umefika mwisho.

Tangu siku ya Mungu ile, Jumapili uliyoniambia, sijakuita jina. Umeona. Chakula nimekuwekea, nguo nimekupigia pasi, lakini jina yako haijapita mu kinywa changu. Jana ulimutuma mama mukubwa aniulize kama nitakubariki kesho. Nilimujibu nitaona. Alikasirika, akasema hakuna mutoto wa ukoo wetu aliyewahi kupanda basi bila mama yake kumupulizia maji ya baraka ku kifua, na kwamba mutoto anayeondoka kavu hafiki mbali. Ninajua. Mama yangu alinipulizia, na mama yake alimupulizia. Ni juu ya hayo maji ninakuandikia, na nitafika pale, lakini acha nipite njia yangu.

Siku ile nilikuwa ninachagua maharage. Ulisimama ku mulango, ukasema, “Mama, kuko kitu nilikuficha.” Nikafikiri ni mimba. Nikasema ndani ya roho, haya, tutaenda kuongea na wazazi wa mutoto wa watu, hatutakuwa wa kwanza. Nilikuwa hata karibu kucheka. Ndipo ukataja jina ya Emile, na nyuma yake jina ya mujomba wako Zaka. Nikaacha maharage chini na nikatoka mpaka barabarani bila kitambaa ku kichwa.

Weye ulikuwa bado mu shule ya primaire wakati mambo yale yalipita, na labda haukuona kitu nilichoona miye. Basi sikiliza.

Ile miaka tulikuwa tunasema kuko amani. Tuliisema ku soko, tuliisema mu kanisa, tuliisema mbele ya watu wa mashirika, na usiku tulilala na viatu miguuni. Helikopta za walinda amani zilipita juu ya mabati na watoto wakazipungia mikono. Hapa Ngezi, upande huu wa kijito tulikaa siye, na ngambo walikaa wale wengine. Majina ya makabila sitayaandika, kila mutu wa Bunia anayajua. Muchana tuliuziana nyanya. Jioni kila mutu alirudi kwao, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama Emile alikuwa wa ngambo, na alikuwa rafiki yangu. Ninaandika hivyo bila kuzunguka. Tuliuza mawese ku meza moja. Mvua ikinyesha tulishika turubali moja, miye pembe hii, yeye pembe ile. Yeye ni mutu wa maneno machache, na miye unanijua. Tulipatana vizuri.

Mashindano ilianzia ku tumutuka twenu. Watoto wote wa Ngezi walikuwa wanatengeneza mutuka ndogo za waya, na makopo ya nyanya, na magurudumu ya kukata ku kandambili zilizokufa, na fimbo ndefu ya kuongozea. Mulikimbiza tumutuka barabarani, wa huku kwao, wa ngambo kwao, na mukikutana ku kilalo cha mbao kinachovuka kijito munarushiana mawe. Siku moja jiwe likamupasua Emile ku nyusi. Aliyelirusha ni weye. Nilivuka kwenda kuomba msamaha, na Mama Emile hakunigombeza. Alisema tu, “Mama Fiston, hawa tuwafunge pamoja sawa mbuzi, kamba moja.”

Tuliandika sheria za mashindano pale pale ku meza ya mawese, na karatasi ikajaa madoa. Kamutuka kamoja, watoto wawili, mumoja wa huku na mumoja wa ngambo. Wa huku anakakimbiza toka kanisani mpaka ku kilalo, wa ngambo anakapokea pale na kukapeleka mpaka ku shule yao. Hakuna kununua, kila kitu kiokotwe. Muzazi asiguse. Atakayemuita mwenzake kwa kabila yake, kamutuka kao kanakaa chini, kwisha. Karibu zote alizitoa Mama Emile. Miye nilitoa moja tu: mwenzako asipofika, haukimbie, lakini haufukuzwe pia, mutu mukubwa atumwe mpaka kwao amuite. Niliona vibaya mutoto apoteze mashindano juu ya mama wa mwenzake kumutuma maji. Mama Emile akauliza, “Na kama wazazi wamemukataza kutoka?” Nikamujibu sheria ni sheria, ataitwa mpaka atoke. Watu wa kamati ya amani ya kartie yetu ya Ngezi waliipigia mikono, na miye nikajiona mwanasheria.

Weye na Emile muliwekwa pamoja kwa makusudi, juu ya ile nyusi. Mwanzoni hamukusemezana. Kisha mukaanza kugombana juu ya waya, na pale nikajua muko marafiki. Emile alikula hapa, weye ulikula kule. Mara ya kwanza uliporudi umeshiba chakula cha ngambo, nilikaa karibu na kitanda chako ninaangalia tumbo yako mpaka kukapambazuka, sitaficha. Mara ya pili nililala.

Jioni ya mwisho mbele ya mashindano, Emile alikuja na gurudumu moja ku mukono. Nilimuona na macho yangu. Nilikuwa ninasugua sufuria, akanisalimia, akapita nyuma ya nyumba mahali ulikuwa. Hakukaa. Nikamuuliza, “Haukule leo?” Akasema, “Mama ananingoja.” Mutoto alikuwa na heshima vile vile, hakuna kitu nilisoma ku uso wake.

Leo ninajua alichokuambia kule nyuma. “Mama anasema kesho musitoke. Mwambie mama yako peke yake.” Vijana wa kwao walikuwa wamekuja kulala mu kiwanja chao na silaha. Mama Emile alisikia maongezi yao wakati anawagawia chakula. Yeye mwenyewe hangeweza kuvuka, wangemuona. Basi akamutuma mutoto na gurudumu, juu hakuna mutu anayemusimamisha mutoto mwenye gurudumu ya kamutuka. Alimuweka mutoto wake wa pekee barabarani kwa ajili yetu. Weye ulipokea gurudumu, na neno ukaliacha pale nyuma ya nyumba.

Umeniambia kwa nini. Uliona nikijua nitavunja mashindano, na kamutuka kenu kalikuwa na mbio kuliko twote. Tena ulifikiri watu wakubwa wanaogopa ovyo, juu tuliogopa kila siku na kitu hakikuja. Kesho yake uliamka mbele yangu na kuvaa jezi.

Sasa uone na upumbavu wangu, juu sitaki uondoke ukifikiri kila kitu kiko juu ya kichwa chako. Watoto wetu walijipanga kanisani, na ngambo hakukuwa mutu. Hata mumoja. Hata wale mama wanaoanikaga muhogo ku kando ya barabara, hawakuanika. Siye tulipita vita, Fiston. Jirani akiondoa watoto wake barabarani, weye ondoa wako, hiyo ni elimu mutu wa Bunia anaipata mbele ya alfabeti. Na miye nilisimama pale na filimbi ku shingo na karatasi ku mukono, ninasema watu wa ngambo hawajui saa. Kama ningekuwa mwanamuke asiyejua kusoma, ningeelewa. Nikamuambia kaka yangu Zaka, aliyekuja tu kukuangalia ukikimbia, “Vuka uwaite. Sheria inasema waitwe.”

Akacheka. “Dada, weye na sheria zako.” Akatupa muwa aliokuwa anatafuna, akavuka kilalo.

Ulikuwa umesimama hatua kidogo tu toka kwangu. Ulimuona anaenda. Hata pale bado kulikuwa nafasi ya kusema.

Risasi zilianza Zaka akiwa amepotea ku kona. Tulikokota watoto mpaka ku kambi ya walinda amani, tukalala nje ya senyenge pamoja na magodoro na kuku na wagonjwa. Zaka tulimupata nyuma, vita ilipotulia, na namna tulivyomukuta haitaingia mu barua hii.

Ku matanga, Mama Emile alivuka. Unakumbuka vizuri kuliko miye, nafikiri. Mwanamuke wa ngambo, peke yake, mu matanga ya mutu aliyeuawa ngambo. Wanaume wakasimama. Alikuja na bidon ya mawese, akapiga magoti mbele yangu, akasema, “Mama Fiston, nilituma neno.”

Nikamuuliza mbele ya watu wote: neno gani, kwa nani? Akainua macho. Nilifikiri ananiangalia miye. Kumbe alikuwa anaangalia juu ya bega yangu, juu weye ulikuwa nyuma, umeshika kiti changu. Akaangalia muda. Kisha akashusha macho, akasema, “Basi. Labda halikufika.”

Nikamuita mwongo. Nikamuambia mukono wake unanuka damu ya kaka yangu na mawese yake pia. Nikamulaani, yeye na tumbo yake, maneno mama wa kanisa hawezi kuyaandika. Nikaimwaga ile bidon ku mulango. Wanawake wakamusukuma mpaka barabarani, na miye nikaona nimemulilia kaka yangu vizuri.

Nyuma ya pale nilipita nyumba kwa nyumba, na hakuna mutu wa upande wetu aliyenunua kwake tena. Kwao nako walisikia alichosema ku matanga. Walimuita mwenye kuuza siri, wakamutenga. Alikosa huku, akakosa na kule. Emile akaacha masomo, akaanza kuendesha moto, hizi pikipiki za kubeba watu. Ulikuwa unamuona ku kona ya soko amekaa juu ya moto yake akingoja abiria, na ulikuwa unageuza uso. Nilikuona ukigeuza uso. Nilifurahi, nikasema mwanangu ana moyo wa kwetu.

Hapo ndipo nimekwama tangu siku ya Mungu. Woga wa mutoto ninauelewa. Lakini ulipata ndevu, Fiston. Ulimaliza sekondari, ulipata diplome d’Etat, tulichinja. Kila mwaka ku misa ya Zaka nilisimama nikamuomba Mungu amulipe yule mwanamuke, na kila mwaka, pembeni yangu, na sauti yako hii nzito ya sasa, uliitika amina. Uliniangalia nikimeza sumu na ukanishikia kikombe. Wanasema kinachokukula kiko mu nguo yako. Miye nilikuwa ninapekua nguo za jirani. Inaniuma. Inaniuma mahali ambapo hata kifo cha Zaka hakikufika, juu waliomuua sikuwazaa.

Leo muchana, ulipoenda kuaga marafiki, nilishika kuku moja nikavuka kilalo. Mbao zimebadilishwa, sikujua. Mama Emile alikuwa mu kiwanja anapepeta mahindi. Amezeeka. Aliniona toka mbali na hakusimama.

“Mama Emile, mutoto amenieleza.”

“Amekueleza nini?”

“Kwamba neno lilifika.”

Akapepeta kwanza. Kisha akasema, “Nilijua. Emile alirudi jioni ile akaniambia amelitia ku sikio ya Fiston mwenyewe. Na ku matanga nilimuona nyuma yako. Alikuwa anatetemeka mpaka kiti chako kinatikisika. Haukusikia?”

Sikusikia. Nilifikiri ni miye ninatetemeka.

“Sasa juu ya nini haukusema? Ungesema jina yake tu.”

“Mbele ya wale wanaume? Ulikuwa umetoka kumuzika kaka yako, na hasira ile. Ningemunyoshea kidole mutoto, wangemufanya nini? Na weye ungemufanya nini?” Akamwaga makapi pembeni. “Nikasema atamuambia mama yake kesho. Kisha nikasema mwezi huu. Kisha nikazoea.”

Umesoma? Yule mwanamuke alikuwa na neno moja tu la kujiokoa nalo, na lilikuwa jina yako. Alilimeza. Alipoteza meza, alipoteza watu wake, alitukanwa na miye mpaka ku mulango wa kanisa, na hakulitapika. Weye ulimeza lako juu ya kamutuka, yeye alimeza lake juu yako. Sikuandikii hivyo upate haya. Haya utaipata mwenyewe, uko na miaka mingi mbele. Ninakuandikia ujue ni nani alikulea pamoja na miye.

Nikapiga magoti mu makapi ya mahindi. Akaniinua, lakini aliniinua namna mutu anaondoa kitu kilichoanguka ku mulango. Nikaomba msamaha wako kwanza. Akasema, “Mutoto nilimusamehe zamani. Aliogopa. Aende akasome.”

Nikangoja wa kwangu. Alichukua tena ungo.

“Lakini weye, Mama Fiston,” akasema, “weye ulinijua.”

Basi. Tulikaa mezani pamoja miaka yote ile, nilimujua namna anavyokohoa, nilijua hajawahi kuongeza maji mu mawese ya mutu. Kama ningefikiri muda wa kuvuta pumzi moja, ningejua hadanganyi. Sikufikiri, juu kumuchukia wa ngambo kulikuwa rahisi, kulikuwa tayari, ni kuvaa tu. Weye ulinificha kitu. Yeye nilimuficha miye mwenyewe ndani ya neno “wao.” Nikiwa ninakukasirikia, na ninakukasirikia kweli, inanibidi nipite kwanza mbele ya hiyo, na kila mara inanipunguzia sauti.

Sasa tufike ku maji. Mama mukubwa anajua desturi nusu. Hakukuambia ile nusu ingine, kwamba kinywa kilichomulaani mutu asiye na kosa hakibariki mutu, mpaka aliyelaaniwa akifungue yeye mwenyewe. Mama yangu alinifundisha hivyo, na nilimuona shangazi mumoja akizeeka bila kubariki hata harusi moja. Nilimueleza Mama Emile. Nikamuambia, mutoto anaondoka kesho, nifungue. Akasema, “Sijaweza.” Hakusema kwa hasira. Alisema namna mutu anasema bidon haijajaa.

Kisha akauliza basi inaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Emile atakungoja na moto yake ku kilalo. Atakupeleka kwa mama yake kwanza, kisha ku basi. Utapiga magoti mu kile kiwanja na utamuambia kwa mudomo wako, yote, sawa ulivyoniambia ku mulango, hata kama alishasamehe, hata kama basi inapiga honi. Nyuma ya pale atachukua maji mu kinywa chake na atakupulizia ku kifua. Kinywa chake kiko safi. Yeye mwenyewe alijitolea, sikuthubutu kumuomba. Usimupelekee salamu zangu, hajaziomba. Na njiani, nyuma ya mugongo wa Emile, usimuulize kama amekusamehe. Muulize habari ya moto yake, habari ya kazi, nini kinamuuma. Umekaa miaka ukimugeuzia uso, sikiliza sauti yake kwanza.

Ku Kisangani watu watakupa maneno uyabebe. Mengine yatakuwa mazito, na utaona kuko kitu kizuri kidogo mbele yako ambacho hilo neno litakiharibu. Pale ukumbuke muwa wa Zaka uliobaki barabarani. Sina fundisho lingine, na hili nalo nimelipata nikiwa nimechelewa.

Nitabeba sanduku yako mpaka ku kilalo. Pale Emile ataipokea, na miye nitasimama upande huu. Usinivute mukono tuvuke pamoja. Ukigeuka nyuma ukaona ninalia, usifikiri ni juu yako peke yako. Nitakuwa ninaangalia mwanamuke mwingine akimubariki mwanangu, na ninajua ni haki.

Amka uvae viatu, Fiston.

Mama yako